Ushahidi wa Nuru Juu ya Kisichoonekana



Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu watafutao dini ya kweli, na hata na ndugu walioingia katika dini karibuni, ni hili: "Nitamwaminije Mungu nisiyemwona? Jicho langu halijamwona, wala mkono wangu haujamgusa. Basi nitajuaje kwamba yupo?" Wengine huuliza kwa unyofu, kwa sababu roho zao zina kiu. Wengine huuliza kwa mzaha, na kijana aliyesilimu jana huchekwa na wenzake shuleni au kazini, akarudi nyumbani hana jibu, na moyo wake umeingiwa na mashaka. Swali hili si dogo, wala halifai kunyamazishwa kwa ukali. Linastahili kujibiwa kwa hoja.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji, twende pamoja mpaka mahali palipo mbali sana mbinguni, ambako wataalamu wa elimu ya nyota wamejifunza habari za kitu kisichoonekana kabisa. Tazama jinsi walivyokijua, kisha ujiulize: je, ile kanuni isemayo, "Nisichokiona hakipo," ni kanuni ya akili, au ni uvivu wa akili tu?

NYOTA NA MWENZIWE ASIYEONEKANA

Katika jioni za mwezi wa Septemba, mtu aliyeko Afrika ya Mashariki akielekea kaskazini huweza kuliona kundi la nyota liitwalo Cygnus, yaani Batamaji. Ndani ya kundi hilo imo nyota moja iliyoandikwa katika daftari za wataalamu kwa alama ya HDE 226868. Jicho tupu haliioni, lakini darubini ndogo yatosha. Ni nyota kubwa ya buluu, yenye uzito upatao mara 40 ya uzito wa jua letu. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa kila nukta moja ya saa, na juu ya mbio hizo hutumia miaka zaidi ya 7,000 kusafiri kutoka kwenye nyota hiyo hadi kwetu. Nuru yake itakayotufikia usiku wa leo iliondoka huko kabla piramidi za Misri hazijajengwa.

Mnamo mwaka 1964 roketi iliyorushwa huko Marekani iligundua kwamba upande ule wa mbingu unatoka mionzi ya eksirei, jamaa ya mionzi ile itumikayo hospitalini kupigia picha za mifupa. Hewa ya dunia huizuia mionzi hiyo, na kwa hiyo haina budi kupimwa kutoka juu ya hewa. Ndipo tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuichunguza mionzi ya eksirei ya mbinguni ikarushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, katika pwani ya Kenya. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, na setilaiti ile ikapewa jina la lugha yetu wenyewe: Uhuru.

Uhuru ilionyesha kwamba mionzi itokayo Cygnus, mahali palipopewa jina la Cygnus X-1, hupanda na kushuka katika muda ulio chini ya nukta moja. Kutokana na jambo hili wataalamu walijua kwamba kitu chenyewe ni kidogo. Kwani kitu kikubwa hakiwezi kubadilika chote kwa mara moja upesi kuliko nuru inavyoweza kukipita kutoka ncha hadi ncha. Kisha katika mwaka 1971 Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, waliipima ile nyota ya buluu, wakakuta kwamba husogea kuelekea kwetu, kisha hurudi nyuma, kisha husogea tena, na mzunguko huo hutimia kila siku 5.6. Ilikuwa kama kumwona mtu gizani akizungushwa na mwenziwe walioshikana mikono: yeye umemwona, mwenziwe hukumwona, lakini je, utasema anazunguka peke yake?

Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vilionyesha kwamba huyo mwenziwe asiyeonekana ana uzito upatao mara 21 ya jua letu. Kwa hesabu ya mvutano, uzito wote huo umo ndani ya duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni hakuzidi kilomita 62 hivi. Kitu cha namna hiyo ndicho kiitwacho shimo jeusi. Mvutano wake ni mkubwa mno hata nuru yenyewe, ikishavuka ukingo wake, haitoki tena. Basi, ndugu msomaji, hiki ni kitu ambacho si kwamba hatujakiona kwa sababu darubini zetu ni dhaifu. Hakitoi nuru yoyote ya kuonwa. Hata hivyo, ni mtaalamu gani leo asemaye kwamba hakipo?

NURU ILIYO NA MWELEKEO

Huenda ukauliza: Ikiwa nuru haitoki, mionzi ile ya eksirei yatoka wapi? Jibu ni kwamba haitoki ndani ya shimo, bali hutoka nje yake, karibu na ukingo. Nyota ya buluu humwaga upepo wa gesi, na sehemu ya gesi hiyo huvutwa na shimo. Haitumbukii moja kwa moja, bali huzunguka kwanza, kama maji yazungukavyo kabla ya kuingia tunduni, ikafanya umbo bapa kama sahani. Katika kuzunguka huko gesi husuguana na kupata joto la mamilioni ya digrii, na joto hilo ndilo litoalo eksirei. Na juu ya sahani hiyo hupatikana wingu la elektroni zenye joto kali zaidi, ambalo hulifanya kila punje ya nuru lirukeruke kabla ya kutoka.

Sasa kuna jambo la ajabu juu ya nuru. Nuru ni mtikisiko unaosafiri. Chukua kamba ndefu, ifunge mtini, kisha uitikise: waweza kuitikisa juu na chini, au kulia na kushoto, au vyovyote kati ya hivyo. Nuru ya kawaida, kama ile ya jua, hutikisika kila upande kwa mchanganyiko. Lakini nuru ikigonga kitu na kuruka, mitikisiko yake huanza kupangika, mingi ikafuata upande mmoja. Ukiipitisha ile kamba katikati ya fito za ua zilizosimama wima, mtikisiko wa juu na chini utapita, na ule wa kulia na kushoto utazuiliwa. Nuru ambayo mitikisiko yake imepangika hivyo huitwa nuru iliyopolarishwa.

Jambo hili si geni duniani. Katika mwaka 1808 Mfaransa Étienne-Louis Malus alitazama kwa kipande cha jiwe angavu mwanga wa jua uliokuwa ukimeremeta katika madirisha ya jumba la Luxembourg mjini Paris, akatambua kwamba nuru iliyorudishwa na kioo imepata mwelekeo ambao nuru ya jua lenyewe haina. Na kabla ya Malus kuzaliwa, nyuki walikwisha kuitumia elimu hii bila ya kitabu. Kwani Karl von Frisch alionyesha katika mwaka 1949 kwamba nyuki huuona mwelekeo wa nuru ya mbingu ya buluu, na kwa huo hujua njia yao hata jua likiwa limefichwa na wingu. Sisi wanadamu huitazama mbingu hiyo hiyo, na tusione mwelekeo wowote. Je, ni mbingu iliyokosa ishara, au ni jicho letu lililokosa uwezo?

Basi wataalamu walitaka kujua lile wingu la joto kando ya shimo jeusi lina umbo gani. Hakuna darubini iwezayo kupiga picha ya wingu lenye upana wa kilomita mamia au maelfu machache kutoka umbali wa miaka ya nuru zaidi ya 7,000. Lakini kama picha haiwezekani, mwelekeo wa nuru wawezekana kupimwa. Tarehe 9 Desemba 2021 Marekani na Italia zilirusha setilaiti iitwayo IXPE, yenye darubini tatu zilizoundwa kwa kazi hiyo. Na jambo linalotuhusu sisi ni kwamba kituo kikuu kilichowekwa kuzipokea habari zake kilikuwa Malindi, pwani ile ile ambako Uhuru ilirushwa miaka 51 kabla yake.

MKONDO NA WINGU VILIPOKUBALIANA

Kabla ya hapo kulikuwa na ishara nyingine iliyokwisha kujulikana. Si gesi yote izungukayo shimo jeusi imezwayo. Sehemu yake, kabla ya kuufikia ukingo, hugeuzwa na kurushwa nje katika mikondo miwili myembamba, mmoja huku na mmoja kule, kwa mbio za kutisha. Wataalamu wengi huona kwamba nguvu za sumaku zilizosokotwa na mzunguko ndizo ziirushayo. Katika mfumo mwingine wa namna hii, uitwao SS 433, gesi ya mikondo hukimbia kwa mbio zipatazo robo ya mbio za nuru, na mikondo yenyewe huyumba kama pia ichezayo, ikikamilisha duru moja kila siku 162. Katika Cygnus X-1 mkondo ulionekana kwa darubini za mawimbi ya redio, ukatangazwa mwaka 2001; na mwaka 2005 ikatangazwa kwamba mkondo huo umeisukuma gesi iliyoko mbali na kufanya duara lenye upana upatao miaka ya nuru 15. Hebu fikiri! Kitu kilicho kidogo hivyo, tena kisichoonekana, kimeacha alama yenye upana ambao nuru huuvuka kwa miaka 15.

Mwezi wa Mei 2022 IXPE ikaelekezwa Cygnus X-1, na matokeo yakatangazwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Ilionekana kwamba katika kila sehemu mia za mionzi ile, sehemu 4 zilikuwa zimepangika katika mwelekeo mmoja. Na wataalamu walikuwa wametazamia moja tu hivi. Na mwelekeo wenyewe ulikuwa upi? Ulikuwa ule ule wa mkondo! Nuru inayorukaruka ndani ya wingu bapa hutoka ikitikisika kwa kulikata wingu lile, si kwa kulifuata. Kwa hiyo walijua kwamba wingu la joto limetandazwa pamoja na sahani, na mkondo umesimama juu yake kama mlingoti juu ya sitaha. Mkondo ulikuwa umepimwa kwa redio na watu wengine, na mtikisiko wa eksirei ukapimwa kwa chombo kingine, miaka ishirini baadaye. Mashahidi wawili ambao hawakushauriana walitoa neno moja.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza ni lazima niseme wazi jambo moja, ili mtu asinielewe vibaya. Sisemi kwamba shimo jeusi ni Mungu, wala kwamba kuwapo kwake kunathibitisha kuwapo kwa Mungu. Shimo jeusi ni kiumbe kama kiumbe chochote. Lina uzito, lina mahali, na lilikuwa na mwanzo. Mwenyezi Mungu hana mfano. Ninalosema ni kwamba ile hoja ya mwenye kudhihaki imevunjika. Yeye alidai kwamba mwenye akili hakubali ila akionacho. Lakini hao wenye elimu ambao yeye hujivunia majina yao wamekubali wasichokiona, na wamekikubali kwa sababu wao ni watu wa akili. Wazee wetu walilijua hili waliposema: pafukapo moshi pana moto.

Wala Kurani Tukufu haitudai tumwone Mungu kwa macho haya ya mwili. Inatuita mara kwa mara tutazame mbingu na ardhi, na mapitano ya usiku na mchana, na nafsi zetu wenyewe, kisha tutumie akili. Hiyo ndiyo njia ya ishara. Atakayesema kwamba njia ya ishara ni udhaifu, basi na aende akawaambie wataalamu wa nyota wafunge darubini zao.

Pili, njia ya ishara inataka unyofu. Katika mwaka 1974 mtaalamu mashuhuri Stephen Hawking, ingawa mwenyewe alikuwa amefanya kazi kubwa juu ya mashimo meusi, aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Sisi hatuyakubali mambo ya kuweka dau, lakini lizingatie lililofuata: katika mwaka 1990, ushahidi ulipokuwa umezidi kuwa na nguvu, alikiri kwamba ameshindwa. Hakuna aliyemleta shimo lile mbele yake alishike. Dalili zilitosha, naye akainama mbele ya dalili. Ewe utafutaye ukweli, jiulize nafsini mwako: je, nimekwisha kusema ni dalili gani zikinifikia nitakubali? Mtu ambaye hakuna dalili yoyote iwezayo kumtosha si mtafutaji. Amekwisha kukata shauri, naye anasubiri tu visingizio.

Tatu, chombo hakina budi kufaa. Eksirei za Cygnus zilikuwa zikiifikia dunia tangu kale, juu ya vichwa vya wafalme na wakulima, lakini hakuna aliyezijua mpaka kilipopatikana chombo kilichoinuliwa juu ya hewa. Hata baada ya kupatikana, ilibidi watu wangoje zaidi ya nusu karne kupata chombo cha kuupima mwelekeo wake kwa usahihi huo. Na chombo cha kumjua Mungu ni moyo ulioinuliwa juu ya hewa nzito ya kiburi, tamaa na husuda. Mtu aliyezama katika mambo hayo akisema, "Mimi sikuona kitu," husema kweli, hakuona. Lakini asiyafanye macho yake kuwa mipaka ya ulimwengu. Na ajaribu kwanza kusimama usiku, aombe kwa unyenyekevu, hata kama ombi lake ni hili tu: "Ewe Mola, ikiwa upo, niongoze." Mwenye kuomba hivyo kwa ukweli hapotezi kitu.

Nne, na neno hili nawaelekezea hasa ndugu zangu mlioingia katika dini karibuni. Imani yako haionekani. Mama yako haioni, mumeo au mkeo haioni, jirani yako haioni. Wao huona mkondo tu, yaani yale yatokayo kwako: ulimi wako, mizani yako sokoni, hasira yako, mikono yako kwa mgonjwa na kwa yatima. Kwa hayo watapima mwelekeo wa moyo usioonekana. Ikiwa moyo umeelekea kwa Mungu na matendo yameelekea huko huko, mashahidi wawili watasema neno moja, na hata mwenye kukupinga atalazimika kunyamaza. Lakini ikiwa sala yako yaelekea Kibla na biashara yako yaelekea kwenye udanganyifu, basi nuru yako imetawanyika pande zote, na nuru iliyotawanyika haimwonyeshi mtu njia.

Najua wako miongoni mwenu waliotengwa na jamaa zao kwa ajili ya imani, ambao sahani zao zimewekwa mbali na za ndugu zao. Msitafute kuwashinda kwa ubishi. Ubishi huwasha moto, na dalili huleta mwanga. Mwana aliyekuwa mlevi akaacha ulevi, au binti aliyekuwa akimjibu mama yake kwa ukali akawa mpole, hiyo ni hoja ambayo mama hahitaji kusomewa.

Wala usivunjike moyo kwa kuwa wema wako ni mchache. Kumbuka zile sehemu 4 katika mia. Sehemu 96 hazikupangika, na juu ya hayo hizo 4 zilitosha kutoa ushahidi, kwa kuwa zilielekea upande mmoja. Mwenyezi Mungu hatuhukumu kwa wingi tulioshindwa kuufikia. Anza na kidogo ulicho nacho, ukielekeze kwake, ukidumishe, nacho kitakua.

Na mwisho, tuiangalie tena ile gesi iliyo karibu na ukingo. Iliyovuka hairudi, lakini iliyogeuzwa kabla ya kuvuka hurushwa mbali ikang'aa. Ndugu msomaji, mlango wa toba u wazi maadamu pumzi ingalimo kifuani. Usiseme kwamba umekaribia mno maangamizi hata huwezi kugeuzwa. Aliyeumba nguvu iwezayo kuigeuza gesi iliyo mlangoni mwa shimo jeusi hashindwi kuugeuza moyo wa mja wake.

Ewe Mola wetu, uliye karibu nasi ingawa macho hayakuoni, tupe mioyo iwezayo kuzitambua ishara zako, na matendo yanayokubaliana na mioyo hiyo. Wape nuru wanaokutafuta, na uwape subira wanaoteswa kwa kukupata. Amin.